Rangi za resini: kabla ya kuchagua bluu, amua mwanga ufanye nini

Chukua vichupa vinne, vyote vimeandikwa "bluu": wino wa spiriti, poda ya maika, pigmenti ya rojo na rangi ya akriliki. Vikiwa mezani vinaweza kufanana kiasi cha kukuchanganya. Tia kila kimoja kwenye kikombe chake cha resini, ile plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, mimina, subiri hadi kesho. Utakavyotoa kwenye kalibu ni vitu vinne visivyo na undugu. Cha kwanza ni angavu, unaweza kusoma maandishi yaliyo nyuma yake. Cha pili kinametameta upande wa chini, na juu kimebaki karibu kitupu. Cha tatu ni bluu nzito ambayo hata mwanga wa tochi haupenyi. Cha nne kina ukungu, na ukikibonyeza kwa ukucha pengine kinaacha alama.

Wengi wanaoanza sanaa ya resini hukwama hapo hapo. Wanachagua kwa kutazama rangi iliyo ndani ya chupa, kisha wanailaumu resini, hali ya hewa au mkono wao. Mimi naamini swali la kwanza halipaswi kuwa "nataka rangi gani?" Linapaswa kuwa "mwanga ukiingia kwenye kazi hii, nataka ufanye nini?" Upite hadi upande wa pili? Ugonge na kurudi? Ucheze na kubadilika mtu anapozunguka? Ukishajibu hilo, robo tatu ya vichupa vilivyo dukani vinajiondoa vyenyewe, na vinavyobaki unaweza kuvilinganisha kwa akili timamu.

Resini ina masharti yake

Kabla ya mwanga, tuiangalie resini yenyewe. Resini ya epoksi haikauki kwa maji au kiyeyusho kupotea hewani. Inaganda kwa mmenyuko wa kemikali: molekuli za sehemu A, yaani resini, zinashikana na molekuli za sehemu B, yaani hadena, mpaka kikombe kizima kinakuwa mtandao mmoja mgumu. Mmenyuko huo hutoa joto, na unadai uwiano sahihi, mara nyingi 1:1 au 2:1 kama mtengenezaji alivyoelekeza. Chochote unachoongeza ambacho hakishiriki katika kushikana huko kinabaki katikati ya mtandao bila kazi. Kikiwa kidogo, mtandao unakistahimili. Kikizidi, hasa kikiwa cha majimaji, kinauachia mianya, na kazi inatoka laini, inanata, au inajipinda ikipata joto.

Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri rangi za majimaji zisizidi asilimia 5 au 6 hivi ya mchanganyiko wote. Kwa gramu 100 za resini iliyochanganywa na hadena, gramu 5 au 6 ndio ukingo, na kwa rangi nzuri huwa hufiki huko. Rangi inayohitaji nusu chupa ili ionekane ni rangi dhaifu. Iache. Poda kavu zina uhuru zaidi kwa sababu hazileti maji wala kiyeyusho, ila nazo zikizidi zinaifanya resini iwe nzito na ikamate mapovu.

Kuna kosa moja la mizani linaloharibu kazi nyingi kimyakimya. Mtu anapima gramu 100 za sehemu A, anatia gramu 10 za pigmenti ya rojo, mizani inasoma 110, kisha anakokotoa hadena kwa kufuata hiyo 110. Hadena imezidi. Zile gramu 10 za rangi hazihitaji hadena ya kiasi hicho, na hadena isiyopata mwenzake wa kushikana naye inabaki kuwa mafuta ndani ya kazi. Pima A, pima B, na hesabu ya rangi ikae pembeni kabisa. Halafu kuna upande wa pili wa jambo hilo: pigmenti nyingi za rojo zimekorogwa ndani ya resini ya epoksi isiyo na hadena. Ukimimina nyingi umeongeza sehemu A bila kujua. Kwa matone machache haina madhara. Kwa kijiko kizima kwenye kikombe kidogo, utaiona kazi ikinata siku ya tatu.

Zinazoyeyuka na zinazoning'inia

Hata ziwe na majina mia, rangi zote za resini zinaingia katika makundi mawili. Kuna zinazoyeyuka: molekuli zake zinasambaa moja moja ndani ya resini na hakuna chembe inayobaki. Mwanga unapita, unanyang'anywa baadhi ya rangi zake njiani, na jicho linaona zilizosalia. Wino wa spiriti na rangi angavu za matone zimo humu. Kundi la pili ni pigmenti: chembe ngumu zisizoyeyuka, zinazoning'inia ndani ya resini. Mwanga unazigonga, unatawanyika, na sehemu kubwa inarudi ulikotoka. Rojo, poda za oksidi, maika na chembechembe za kung'aa zote ni za ukoo huu.

Rangi zinazoyeyuka zina tabia ya kusafiri. Resini ikiwa bado majimaji, bluu inaingia ndani ya manjano iliyo jirani na mstari kati yao unafutika. Hata baada ya kuganda, baadhi ya rangi hizo zinaingia kwenye silikoni ya kalibu na kuiachia doa, kisha kipande cheupe unachomimina baadaye kinatoka na kivuli cha waridi ambacho hukukiomba. Wanaofanya kazi nyeupe na kazi za wino wa spiriti hutenga kalibu zake kwa sababu hiyo.

Na zinapokaa moja juu ya nyingine, rangi angavu zinachanganyika machoni hata kama hazikugusana. Mwanga unapita tabaka zote mbili, na kila tabaka linachukua haki yake. Bluu angavu juu ya manjano angavu ni kijani. Bluu juu ya chungwa ni kahawia chafu, hata ukiweka sentimita nzima ya resini tupu katikati. Pigmenti zito hazina shida hiyo: ya juu inaifunika ya chini, basi. Kwa hiyo anayepanga kazi ya tabaka nyingi za rangi angavu anahitaji kuzipanga kwa kuziwazia zikitazamwa kwa pamoja.

Kwa nini chaki inapotea

Hapa ndipo pananipendeza zaidi, kwa sababu panaeleza mambo mengi yanayoonekana kama bahati mbaya. Saga chaki nyeupe iwe unga laini, tia kwenye resini ukitarajia weupe. Utapata kitu cha kijivu, cha ukungu, nusu angavu. Ongeza chaki, bado kijivu. Weupe umekwenda wapi?

Weupe wa unga hautoki ndani ya chembe zenyewe. Unatokana na mwanga kupinda kila unapovuka mpaka kati ya chembe na kile kilichoizunguka. Kila kitu angavu kina kipimo chake cha kupinda mwanga: hewa ni 1, chaki ni karibu 1.6, resini ya epoksi ni karibu 1.55. Chaki ikiwa hewani, tofauti ni kubwa, mwanga unapindishwa huku na huku mpaka unarudi wote ukiwa mweupe. Chaki ikizama kwenye resini, tofauti karibu haipo. Mwanga unapita katikati ya chembe kana kwamba hazipo. Unga wa wanga na poda za mwilini zinaanguka kwenye shimo hilohilo.

Dioksidi ya titani ina kipimo cha karibu 2.7, na ndani ya resini bado tofauti ni kubwa. Ndiyo maana kiasi kidogo tu kinatosha kufunga kikombe kizima, na ndiyo maana nyeupe zote za maana za resini, iwe ya rojo, ya matone au wino mweupe wa spiriti, zimejengwa juu yake. Oksidi ya zinki, yenye kipimo cha karibu 2, inafunika lakini kwa ulaini zaidi. Ukitaka mwonekano wa maziwa yanayopitisha mwanga badala ya ukuta mweupe, punguza titani hadi iwe kama ncha ya kijiti cha meno kwenye gramu 100. Usibadilishe pigmenti.

Sasa chukua bluu ya ultramarini, ile poda yenye bluu kali inayokuvuta kutoka mbali. Kipimo chake ni karibu 1.5, yaani jirani kabisa na epoksi. Ikiingia kwenye resini inaacha kutawanya mwanga na inabaki kuumeza tu. Kwenye tabaka la milimita 2 ni bluu nzuri yenye kina. Kwenye bonge la sentimita 3 ni karibu nyeusi, na wengi hudhani wameuziwa poda mbovu. Poda ni nzima; imekosa cha kuurudisha mwanga machoni. Tia titani nyeupe kidogo sana, bluu inaamka.

Tatizo hili lina historia. Mchoraji Mfaransa Yves Klein, katika miaka ya 1950, alisumbuliwa na jinsi poda ya ultramarini ilivyopoteza uhai wake kila ilipofungwa kwa mafuta au gundi. Akisaidiana na muuza rangi wa Paris, Édouard Adam, alipata resini ya sintetiki ambayo, ikipunguzwa kwa kiyeyusho, ilishika chembe za poda bila kuzizamisha, hewa ikabaki kati yake. Mwaka 1960 alisajili njia hiyo Ufaransa kwa jina la International Klein Blue. Sisi tunaomimina epoksi tunafanya kinyume chake: tunazamisha kila chembe. Kwa hiyo mwonekano wa poda kavu ndani ya chupa ni ahadi ambayo resini yetu haiwezi kuitimiza, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kununua.

Kina kinageuza hesabu

Rangi angavu haihukumiwi kwenye kikombe. Tuseme resini uliyotia rangi inapitisha nusu ya mwanga kwa kila sentimita moja. Sentimita mbili zitapitisha robo, tatu zitapitisha sehemu moja ya nane, tano zitapitisha sehemu moja ya thelathini na mbili. Rangi iliyokuwa kamili kwa hereni ya milimita 3 itakuwa giza kwenye meza ya mbao yenye mfereji wa resini wa kina cha sentimita 5. Na kinyume chake: ulichokiona kizito kwenye kikombe kirefu kitapauka ukikitandaza kwenye sinia.

Njia rahisi ya kujaribu ni kumimina kipande kidogo chenye unene uleule wa kazi halisi, kisha kukitazama juu ya kitu kitakachokuwa nyuma yake: mbao, karatasi nyeupe, kitambaa cheusi, dirisha. Mimi huona thamani kubwa katika kalibu yenye ngazi, ya milimita 2, 5, 10 na 20, kwa sababu kipande kimoja kinakueleza rangi moja katika maisha yake yote. Andika idadi ya matone au gramu nyuma ya kipande kwa kalamu isiyofutika. Miezi sita baadaye, maandishi hayo yana faida kuliko picha yoyote.

Maika: rangi isiyo na rangi

Poda ya maika inastahili kuzungumzwa peke yake, kwa kuwa ndiyo inayopendwa kuliko zote na ndiyo isiyoeleweka kuliko zote. Msingi wake ni vigamba vya ulanga, vyembamba na bapa, vingi vikiwa na upana wa maikromita 10 hadi 60. Kigamba chenyewe hakina rangi ya kujivunia. Kinapakwa tabaka jembamba la dioksidi ya titani au oksidi ya chuma, na unene wa tabaka hilo ndio unaoamua utaona nini. Titani ya nanomita 50 hivi inatoa fedha. Ikiongezwa unene inageuka dhahabu, kisha nyekundu, kisha bluu, kisha kijani, bila kuongeza tone la rangi yoyote. Mwanga unaorudi kutoka juu ya tabaka unakutana na unaorudi kutoka chini yake, baadhi ya rangi zinafutana na nyingine zinaimarishana. Maika zilizopakwa oksidi ya chuma, kama shaba na shaba nyekundu, zina rangi yake halisi pia.

Kutokana na hayo, maika inayobadilika rangi inahitaji giza nyuma yake. Itie kwenye resini iliyo juu ya ubao mweupe, utaona weupe wenye kivuli hafifu, kwa sababu mwanga uliopenya unarudishwa na ubao na kufuta ulichokuwa unakitafuta. Itie juu ya tabaka jeusi, inawaka. Mtu akikuambia poda yake haifanyi kazi, muulize nyuma yake kuna nini.

Poda nyingi za bei nafuu zenye bluu na waridi kali, hata hivyo, zimeongezewa rangi nyingine juu ya kigamba. Bluu ya Prussia ni mojawapo, na inajulikana kuwa dhaifu mbele ya alikali, wakati hadena ya epoksi ni ya alikali. Kamini, ile nyekundu ya wadudu inayotumika sana kwenye vipodozi, inapauka kwenye mwanga. Poda iliyotengenezwa kwa ajili ya uso inaweza kuwa salama kwa uso na isifae kwa meza itakayokaa miaka kumi. Changanya kijiko kimoja kwenye resini iliyotiwa hadena, iache igande, weka nusu ya kipande dirishani na nusu kwenye droo.

Kinachozama na wakati wa kumimina

Epoksi ina uzito wa karibu gramu 1.1 kwa sentimita moja ya ujazo. Maika ni karibu 3, dioksidi ya titani ni zaidi ya 4, oksidi nyekundu ya chuma ni zaidi ya 5. Kila pigmenti, basi, inataka kwenda chini. Kinachoamua kama itafika ni ukubwa wa chembe, uzito wa resini (yaani inavyotiririka, kama maji au kama asali) na muda. Ukubwa ndio wenye nguvu: chembe yenye upana mara kumi ya nyingine inazama kwa kasi mara mia. Titani iliyosagwa vizuri, yenye chembe za sehemu ya tatu ya maikromita, inaning'inia kwa raha hadi resini igande. Maika haiwezi. Na titani iliyobaki na mabuje kwa sababu haikukorogwa inaanguka chini kama maika.

Resini za kumimina kwa kina kirefu ndizo zenye mtihani mkubwa, kwa kuwa zimetengenezwa ziwe nyepesi na zigande polepole ili zisipate joto kupita kiasi. Saa nyingi za kuganda ni saa nyingi za kuzama. Dawa ni subira: changanya A na B, subiri hadi mchanganyiko ufikie uzito wa asali, ndipo utie maika na kumimina. Au mimina tabaka kadhaa. Au badili nia kabisa: kwenye kalibu, upande wa chini ndio uso wa kazi, kwa hiyo kinachozama kinakwenda mahali hasa unapotaka kionekane. Kwa kalibu za namna hiyo, mimina mapema ikiwa bado nyepesi.

Wapo waliogeuza kuzama kuwa sanaa. Mawimbi meupe ya bahari yanatokana na rojo zito la titani lililowekwa ufukweni mwa bluu, kisha kusukumwa kwa hewa moto. Nyeupe ikienea juu ya bluu nyepesi inaanza kushuka, bluu inapanda kupitia matundu, na unabaki na wavu wa povu. Nyeupe yenye titani kidogo haileti wavu huo hata ukipuliza hadi mkono uchoke. Tazama pia tone la wino wa spiriti wa bluu linapodondoshwa kwenye resini iliyo wazi: linatanda juu, kingo zikitetemeka, halishuki. Dondosha wino mweupe juu yake. Weupe ni mzito, unaanza kwenda chini taratibu na kuivuta bluu pamoja nao, na ukitazama kupitia ubavu wa kikombe unaona nyuzi zikishuka na kujikunja, kila moja ikiwa na kichwa cheupe na mkia wa rangi. Mapema mno, nyuzi zinafika chini na kutawanyika. Ukichelewa, zinagandia njiani zikiwa fupi.

Wino huo una spiriti inayowaka, kwa hiyo tochi ya gesi ikae mbali nao. Na matone yawe machache, kwa sababu spiriti iliyonaswa ndani ya resini inaleta mapovu na ulaini.

Vitu vya nyumbani

Akriliki inaweza kutumika, kwa shingo upande. Ina maji, na maji yanaiharibia epoksi mwonekano wake: ukungu, mapovu madogo, sehemu laini. Kwa kiasi kidogo sana cha akriliki nzito yenye pigmenti nyingi, kwenye kazi isiyohitaji uangavu, inakubalika. Rangi ya mafuta ya wachoraji hubeba mafuta ambayo hukauka kwa kukutana na hewa, na ndani ya resini hewa hiyo haipo. Ncha ya kijiti inatosha, zaidi ya hapo unatia ulaini. Rangi ya chakula ni ya maji na haichanganyiki. Viungo vya unga vinaonekana vizuri siku ya kwanza, ila bizari ya manjano ni kati ya rangi zinazokimbia jua haraka kuliko zote, na tena inageuka wekundu ikikutana na alikali.

Jua, na herufi zilizo kwenye chupa

Hapa rangi zinazoyeyuka zinalipa gharama ya uzuri wake. Kwa ujumla pigmenti zinastahimili mwanga kuliko rangi zinazoyeyuka, na oksidi za chuma, titani na nyeusi ya masizi zinastahimili kuliko karibu zote. Rangi zinazowaka kwenye taa za disko ziko mwisho kabisa wa foleni. Zikiachwa dirishani zinakufa mapema.

Chupa nzuri haikuachi ukisie. Tafuta msimbo wa pigmenti: PW6 ni titani nyeupe, PB29 ni ultramarini, PB15 ni bluu ya thalo, PB27 ni bluu ya Prussia, PR101 ni oksidi nyekundu ya chuma, PR122 ni kwinakridoni ya waridi, PBk7 ni nyeusi ya masizi. Chupa ikikuandikia "bluu ya bahari" bila msimbo, imekupa shairi tu. Misimbo hiyo ni ileile kwenye rangi za wachoraji, kwa hiyo unaweza kutafuta daraja lake la kustahimili mwanga: mfumo wa ASTM, shirika la viwango la Marekani, una madaraja I hadi V, na I na II ndizo za kazi ya kudumu. Kipimo kingine cha kustahimili mwanga, cha sufi ya bluu, kinakwenda 1 hadi 8, na hapo namba kubwa ndiyo bora.

Usisahau kwamba resini yenyewe inageuka manjano kwa miale ya urujuanimno, hata iliyotiwa kinga. Kinga inachelewesha tu. Umanjano huo unaonekana zaidi juu ya nyeupe na juu ya bluu nyepesi, ambayo inaelekea kijani. Juu ya kahawia, dhahabu, nyekundu na nyeusi hauonekani. Kwa kazi itakayokaa chumba chenye jua, ningechagua rangi za joto bila kusita. Nyeusi nayo ina angalizo lake: inakusanya joto la jua, na epoksi nyingi za sanaa zinaanza kulainika karibu nyuzijoto 50 hadi 60. Sinia jeusi lililoachwa juani linaweza kupinda, huku jeupe la resini ileile likibaki sawa.

Si kila resini ni epoksi

Resini inayogandishwa kwa taa inahitaji mwanga wa nanomita 365 hadi 405 uifikie kila sehemu yake. Pigmenti nzito inauzuia: juu kunaganda, ndani kunabaki majimaji. Humo tumia rangi zinazoyeyuka, au mimina pigmenti kwa tabaka zisizozidi milimita moja, hasa nyeusi na nyeupe. Resini ya poliurethani ni adui wa maji kabisa, kwa sababu maji yakikutana na isosianati, kemikali inayoigandisha, yanatoa kaboni dioksidi na kazi inafura mapovu. Hata poda iliyonyonya unyevu wa hewani inatosha kuleta balaa. Polyesta huganda kwa peroksidi, na nyeusi ya masizi inaweza kuichelewesha. Kwa hizi mbili, nunua rangi iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Poda za kung'aa gizani zinafuata kanuni zilezile. Nzuri za siku hizi ni aluminati ya strontiamu yenye europiamu na disprosiamu, zilizochukua nafasi ya salfidi ya zinki tangu miaka ya 1990. Kijani na bluu-kijani ndizo zinazong'aa zaidi. Ni nzito, zinazama, na ukizichanganya na pigmenti nyingine inazinyima mwanga wa kujichajia na kuufunika ule zinaoutoa. Ziweke kwenye resini wazi, juu ya tabaka jeupe.

Kuhusu mapafu, silipunguzi neno. Poda zote hizi ni vumbi laini, na shirika la utafiti wa saratani la IARC limeiweka vumbi ya dioksidi ya titani na ya nyeusi ya masizi katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani vikivutwa. Vaa barakoa ya N95 au zaidi unapofungua chupa za poda, zima feni, na zilowanishe kwa resini kidogo kwanza. Kulowanisha huko kuna faida ya pili: rojo dogo lililokandwa vizuri kwa kijiti halina mabuje, na mabuje ndiyo yanayozama.

Anayenunua kwa mara ya kwanza ningemwambia aachane na seti za rangi ishirini na nne. Achukue rojo la PW6, PBk7, PB15, PR101 na manjano ya oksidi ya chuma, PY42, kisha rangi mbili angavu za matone na maika moja ya fedha. Kwa hizo atapata mwanga unaopita, unaorudi na unaocheza, na ataweza kuchanganya nyingine nyingi zinazovumilia jua. Wino wa spiriti na poda za gizani vinunuliwe siku kutakapokuwa na kazi inayovidai.